Uso unaowaka: jeli, kidonge au leza?

Nilipoanza kuwaka uso, kila mtu alikuwa na jina lake la ugonjwa. Mama mkwe alisema damu imechafuka. Jirani alinitazama mashavu, akashusha sauti, akauliza, "Dada, mkorogo huo umeununua wapi?" Kwenye duka la dawa nikapewa krimu ya chunusi, ikaniunguza hata nikalala na kitambaa cha maji baridi usoni. Jina rosasea, ugonjwa sugu wa ngozi ya uso, nililisikia mwaka wa tatu wa kuhangaika, na daktari wa ngozi aliyelitaja hakuanza kwa kuniangalia. Alinigusa shavu kwa mgongo wa kiganja, kama mtu anayepima homa ya mtoto.

Baadaye nikaelewa kwa nini. Kwa muda mrefu rosasea imeelezwa kwa picha za Wazungu, mashavu mekundu kama nyanya. Kwenye ngozi ya maji ya kunde wekundu huo hujificha: unakuwa kama zambarau, au kahawia iliyokolea, na kwenye ngozi nyeusi zaidi pengine hauonekani kabisa. Kinachobaki ni joto, mchomo, ngozi inayokaza ukishanawa, na vipele ambavyo kila mtu ataviita chunusi. Ukitaka kujihakikishia, simama karibu na dirisha, bonyeza shavu kwa glasi safi. Chini ya glasi damu husukumwa pembeni. Ukiachia, utaona rangi ikirudi.

Watu wakilinganisha dawa za rosasea huanza na swali la dawa ipi ni kali. Swali hilo halina jibu kwa sababu dawa zenyewe hazifanyi kazi moja. Inayotuliza vipele huenda isiguse rangi, na inayofuta rangi haina habari na vipele. Nilipoteza miezi minne kwa kupaka dawa nzuri kabisa, ila ya tatizo ambalo halikuwa langu kubwa.

Kwanza, wekundu gani?

Mwaka 2002 jopo la wataalamu wa Marekani liliugawa ugonjwa huu mafungu manne, na kwa miaka kumi na tano madaktari wakawa wanatafuta mgonjwa yuko fungu lipi. Shida ni kwamba watu hawakai fungu moja. Tangu 2017 mwongozo umebadilika: daktari anatazama kilichopo usoni, anatibu hicho. Nawe fanya hivyohivyo mbele ya kioo.

Kuna uso kuiva kwa ghafla: umekunywa uji wa moto, umekasirika, umetoka juani, unawaka dakika kadhaa kisha unapoa. Kuna wekundu uliohamia kabisa, asubuhi upo na jioni upo. Kuna mishipa myembamba iliyochoreka kama nyuzi pembeni mwa pua. Na kuna vipele, vingine vyenye usaha, lakini bila vile vichwa vyeusi vya chunusi ya kawaida. Mtu mmoja anaweza kubeba yote hayo kwa pamoja. Pua kunenepa na kuwa na mabonde huwapata wachache, zaidi wanaume, na hapo krimu hazina msaada mkubwa.

Macho ndiyo yanayosahaulika. Kama yanawasha, ni makavu au unahisi yameingia mchanga, mwambie daktari wa ngozi hata kama hajauliza. Yakianza kuuma au kushindwa kuvumilia mwanga, usingoje siku ya miadi.

Swali la jirani lilikuwa la haki

Nilimnunia jirani yangu wiki nzima, lakini swali lake lilikuwa na maana. Krimu nyingi za kung'arisha ngozi huwa na steroidi, yaani dawa za kutuliza uvimbe, tena kali kama klobetasoli au betamethasoni, mara nyingine bila kuandikwa kwenye kopo. Steroidi hubana mishipa ya damu, kwa hiyo mwanzoni uso unatulia na kung'aa. Ukiendelea, ngozi inakuwa nyembamba, mishipa inatanuka, vipele vinaota. Hiyo ni rosasea ya kujitengenezea. Mtego wake uko hivi: ukiacha siku chache uso unalipuka, ukirudia unatulia, basi unaamini kopo ndilo linalokutibu.

Kama hadithi hiyo ni yako, usihangaike na jedwali la hapa chini kwanza. Tiba ni kuacha, kazi ya wiki hadi miezi, na daktari anaweza kukupunguzia mateso kwa kushusha nguvu ya steroidi hatua kwa hatua au kukupa takrolimasi, ambayo hutuliza ngozi bila kuwa steroidi. Ziweke kwenye kundi hilohilo zile tyubu zenye dawa ya fangasi, antibayotiki na betamethasoni kwa pamoja, ambazo watu huzipaka kwa kila kipele kama vile ni mafuta ya nazi.

Kingine kinachofanana na rosasea ni lupasi, ugonjwa ambao kinga ya mwili inaushambulia mwili wenyewe. Wekundu wake hukaa mashavuni kama kipepeo, na mara nyingi huiruka ile mikunjo inayoshuka kutoka puani hadi pembe za mdomo. Ukiuona pamoja na viungo kuuma, nywele kunyonyoka au vidonda mdomoni, omba vipimo vya damu kabla ya krimu yoyote.

Kwa mwenye haraka

| Tiba | Inalenga nini hasa | Subira | Kasoro |
|---|---|---|---|
| Metronidazoli 0.75% au 1% | Vipele, wekundu kiasi | Wiki 8 hadi 12 | Haina haraka |
| Asidi ya azelaiki 15% | Vipele na madoa yanayobaki | Wiki 8 hadi 12 | Huchoma mwanzoni |
| Ivermektini 1% | Vipele | Wiki 12 hadi 16 | Huwa ghali zaidi |
| Brimonidini 0.33% | Rangi tu | Dakika 30 | Ikiisha, wekundu unaweza kurudi kwa kishindo |
| Doksisaiklini 40 mg | Vipele vingi, macho | Wiki kadhaa | Si ya mjamzito |
| Leza | Mishipa, wekundu wa kudumu | Vikao kadhaa | Madoa au kuungua kwa ngozi nyeusi |

Vipele: dawa tatu, mbili unazifahamu

Metronidazoli ni ileile ya Flagyl, kidonge cha amiba kinachoacha ladha ya chuma mdomoni. Kwa uso huja kama jeli au krimu: ya asilimia 0.75 hupakwa asubuhi na jioni, ya asilimia 1 mara moja kwa siku. Marekani iliiruhusu kwa rosasea mwaka 1988, kwa hiyo kati ya hizi tatu ndiyo mkongwe. Sifa yake ni upole. Mwenye ngozi inayolalamikia kila kitu ataivumilia, na daktari asiyejua ngozi yako itajibu nini anaweza kuanza nayo bila hofu kubwa. Ila usisage kidonge cha Flagyl ukachanganya na Vaseline. Nimeona mtu akifanya hivyo; alichopata ni unga mweupe usoni, na vipele vyake palepale.

Asidi ya azelaiki jina lake linatisha kuliko yenyewe. Hupatikana kiasili kwenye nafaka kama ngano na shayiri. Jeli ya asilimia 15 ndiyo iliyopimwa kwa rosasea. Krimu ya asilimia 20 hutumika zaidi kwa chunusi. Inachoma, nisikufiche. Wiki mbili za kwanza nilikuwa nikipaka kisha natembea sebuleni nikijipepea kwa kanga. Dawa ya hilo ni kutangulia na losheni ya kulainisha, kusubiri ikauke, kisha kupaka kidogo, usiku mmoja ndiyo, mmoja hapana, mpaka ngozi izoee.

Kwa nini basi niivumilie? Kwa sababu ya madoa. Ngozi yetu kipele kikipona kinaacha kivuli cheusi cha miezi, na mara nyingi watu hukimbilia mkorogo kwa ajili ya kivuli hicho, si kwa ajili ya kipele. Azelaiki hupunguza kasi ya kimeng'enya kinachotengeneza rangi ya ngozi, kwa hiyo inatibu vipele huku ikififisha vivuli vyake. Tena ni miongoni mwa dawa ambazo madaktari huwapa wajawazito bila wasiwasi mkubwa. Kwa ngozi nyeusi yenye vipele, ningeambiwa nichague moja tu, ningechukua hii, mchomo wake na yote.

Ivermektini nayo si mgeni. Vijijini inajulikana kama dawa ya usubi, na mikoa ya pwani hugawiwa pamoja na albendazoli kuzuia matende na mabusha. William Campbell na Satoshi Ōmura walipewa Nobel mwaka 2015 kwa kazi iliyoizaa. Krimu yake ya asilimia 1, iitwayo Soolantra, iliruhusiwa Marekani mwishoni mwa 2014. Inapunguza uvimbe wa ngozi, pia inaua utitiri uitwao Demodex. Utitiri huu unaishi kwenye vinyweleo vya karibu kila mtu mzima, ila kwa wenye rosasea huwa wengi kupita kiasi. Kiasi cha dawa ni punje ya njegere kwa kila sehemu: paji, kidevu, pua, na kila shavu.

Hapa angalau tuna ushindani uliopimwa ana kwa ana. Jaribio moja la wiki 16 lilishindanisha ivermektini mara moja kwa siku na metronidazoli ya 0.75 mara mbili kwa siku. Ivermektini ilipunguza vipele kwa asilimia 83, metronidazoli kwa takriban asilimia 74. Waliopona walipoacha dawa, wa ivermektini walikaa siku 115 hivi kabla ugonjwa kurudi, wa metronidazoli siku 85. Ushindi upo, lakini si wa mabao sita kwa sifuri. Kama tofauti ya bei inakula ada ya mtoto, metronidazoli inayopakwa kila siku inaishinda ivermektini inayonunuliwa mara moja na kuachwa. Na ile ivermektini ya sindano ya ng'ombe ibaki kwa ng'ombe.

Rangi: dawa za saa chache

Brimonidini ilianza kama dawa ya macho ya presha ya jicho. Jeli yake ya uso, Mirvaso, iliruhusiwa Marekani mwaka 2013. Inabana mishipa midogo ya juu: dakika 30 tu wekundu unaanza kufifia, inafikia kilele kati ya saa 3 na 6, na baada ya saa 12 hivi imekwisha. Vipele haivigusi, na ile mishipa iliyochoreka kama nyuzi inabaki; wakati mwingine inaonekana zaidi, kwa kuwa kilichokuwa kimeizunguka kimepauka.

Oksimetazolini ni ndugu yake, tena unaijua: ndiyo ya matone ya kuzibua pua. Krimu ya uso ya asilimia 1 iliruhusiwa Marekani mwaka 2017. Nguvu yake haionekani haraka kama ya brimonidini, na kwa wengi inaisha kwa upole zaidi. Matone ya pua yenyewe usiyapake usoni. Hayakutengenezwa kwa ngozi, na mtu aliyeyatumia sana puani anajua pua inavyozidi kuziba yakiisha.

Hilo la kuzidi yakiisha ndilo tatizo la kundi zima. Baadhi ya watu dawa ikishaisha wekundu unarudi mkubwa kuliko ulioondoka, pamoja na joto. Wengine hupauka mabaka, uso ukawa kama ukuta uliopakwa rangi nusu. Kwa hiyo usiijaribu kwa mara ya kwanza siku ya harusi au usaili wa kazi. Anza kwa kiasi kidogo, shavu moja, siku ya kukaa nyumbani. Na kama ngozi yako ni nyeusi kiasi kwamba wekundu hauonekani na unachoteseka nacho ni joto, sioni sababu ya kununua dawa ya kufuta rangi ambayo hakuna anayeiona.

Kidonge

Doksisaiklini wote tumewahi kuimeza kwa jambo fulani. Kwa rosasea upo mtindo wa 40 mg, unaotoa dawa taratibu, ulioruhusiwa Marekani mwaka 2006. Kiasi hicho ni kidogo kuua bakteria lakini kinatosha kutuliza uvimbe, kwa hiyo hakichochei usugu wa dawa kama kapsuli za 100 mg zinavyoweza. Pasipo na 40 mg, baadhi ya madaktari huandika 100 mg kwa muda mfupi. Huo ni uamuzi wa daktari, si wa muuza duka. Meza na glasi nzima ya maji, usilale papo hapo maana inaweza kuchubua koo la chakula, jihadhari na jua, na kama una mimba au unanyonyesha, sema kabla hujaandikiwa. Kidonge kina nafasi pale vipele ni vingi au macho yameguswa. Kwa wekundu mtupu bila kipele, ni kupiga ngoma kwa viziwi.

Kwa uso unaoiva ghafla tu, madaktari wengine hutoa propranololi au kavediloli, dawa za moyo na presha. Mwenye pumu aseme mapema, kwa sababu propranololi inaweza kumbana kifua.

Leza

Mishipa iliyokwisha kutanuka haifungwi na krimu. Hapa leza haina mpinzani, ila "leza" ni jina la ukoo, si la mtu mmoja. Mwanga huingia kwenye ngozi ukitafuta wekundu wa damu, unaugeuza joto, mshipa unafungika. Shida ni kwamba rangi nyeusi ya ngozi nayo inaudaka mwanga huohuo. Aina za leza hutajwa kwa nanomita, kipimo cha urefu wa wimbi la mwanga wake. Leza ya rangi ya mapigo, nanomita 595, na ile iitwayo KTP ya 532, zimefanya maajabu kwenye ngozi nyeupe. Kwenye ngozi ya kahawia nguvu yake nyingi huishia kwenye rangi kabla haijafika kwenye mshipa, na hapo ndipo watu huungua, au hubaki na madoa meusi au meupe. Mashine za IPL, ambazo kwa kweli si leza bali mwanga mpana uliochujwa, ndizo ninazoziogopa zaidi kwa ngozi yetu, na ndizo zinazotangazwa sana saluni.

Leza ya Nd:YAG ya nanomita 1064 hupita chini zaidi na kudakwa kidogo na rangi ya ngozi, kwa hiyo ndiyo hupendekezwa kwa weusi. Hata hiyo ikishikwa na mkono usiojua inaunguza. Kabla ya kulipa, uliza mambo mawili: mashine ni ya nanomita ngapi, na je, watanijaribia sehemu ndogo kwanza na kusubiri wiki kadhaa? Mimi niliuliza mahali fulani, nikajibiwa, "Mashine yetu ni ya kisasa, dada." Nikachukua mkoba wangu. Na hata ikifanyika vizuri, ni vikao vitatu, vinne, vya kupishana wiki kadhaa, na mishipa mipya inaweza kuchomoza miaka ya mbele.

Jua, sabuni na sufuria

Dawa yoyote utakayochagua, jua litaishinda usipolizuia. Losheni za jua za SPF (kipimo cha kinga dhidi ya jua) 30 au zaidi zipo za aina mbili. Zenye zinki au titani hukaa juu ya ngozi na huchoma mara chache, lakini humwacha mtu mweusi na uso wa chokaa. Zenye vichujio vya kemikali hazionekani, ila kwenye uso wa rosasea nyingine huwasha. Suluhisho langu ni ya zinki iliyotiwa rangi ya kahawia kwa oksidi ya chuma. Chokaa inaisha, na wekundu unafunikwa kidogo. Kiasi ni mistari miwili ya vidole, cha shahada na cha kati. Moshi, kwenye kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichoko hospitali ya KCMC tangu 1992, hutengenezwa losheni ya jua kwa ajili ya watu wenye ualbino. Ile ni yao, tusiwaingilie foleni. Lakini wahudumu wa ngozi waliofundishwa pale wametawanyika nchi nyingi za Afrika, kwa hiyo ukiambiwa wilayani kwenu hakuna wa kukuona ngozi, uliza tena.

Sabuni ya mche weka kando, ni kali kwa uso huu. Dodoki pia. Limau ni hatari hasa, kwa kuwa maji yake yakikutana na jua huunguza na kuacha madoa. Liwa inayopozwa kwa maji ya waridi wengine huivumilia. Singo yenye karafuu usiipandishe juu ya shingo, hata bibi harusi awe nani.

Chai nayo inasingiziwa. Kinachowasha uso ni joto la kikombe. Neva za ngozi zina vipokezi vinavyoamshwa na joto la nyuzi 43 na zaidi, na pilipili inaamsha vipokezi hivyohivyo. Dalasini huamsha vya jirani yake. Kahawa yenyewe, utafiti wa mwaka 2018 uliofuatilia wauguzi zaidi ya 80,000 wa Marekani uliwakuta wanywaji wake wakubwa wakipata rosasea kidogo kuliko wasiokunywa. Kwa hiyo sijaacha kahawa, naisubiri ipoe. Dalasini nimeitoa kwenye chai, na kwenye jiko la mkaa nimejifunza kusimama upande, si kuinamia sufuria.

Kwa sasa natumia azelaiki usiku, zinki mchana. Dada yangu aliyeko Muscat amenitumia tyubu ya brimonidini, bado imefungwa kwenye droo. Mwezi ujao kuna harusi Tanga. Jumamosi hii watoto watakuwa kwa bibi yao na hakuna mgeni anayekuja; nitapaka shavu la kushoto saa mbili asubuhi, nione saa mbili usiku litakuwa na rangi gani.